Mlanguzi wa Jana, Mjasiriamali wa Leo: Jinsi Mazingira Yanavyoamua Nani Afanikiwe Kibiashara

Ukisikiliza vipindi vya biashara redioni, vikiwemo vyetu, utasikia nasaha zinazofanana: jiamini, thubutu, amka mapema, weka akiba. Ni nasaha njema. Lakini zinamweka mtu mmoja katikati na kumwacha peke yake, kana kwamba biashara inaanzia na kuishia kichwani mwake. Akifanikiwa anaambiwa ana akili ya biashara. Akianguka anaambiwa hakujituma.

Makala haya yanaeleza upande wa pili, yaani mazingira. Tunatumia historia ya Tanzania, kwa sababu nchi yetu imebadilisha kanuni za biashara mara kadhaa ndani ya umri wa mtu mmoja, na kila zilipobadilika, watu walewale walijikuta na hatima tofauti.

Chukua mfano wa mtu anayenunua sabuni mahali zinapopatikana kwa wingi na kwenda kuziuza mahali zilipoadimika. Mwaka 1983 mtu huyo aliitwa mlanguzi na angeweza kukamatwa. Miaka kumi baadaye aliitwa mfanyabiashara ndogondogo. Leo anaitwa mjasiriamali na anaalikwa kwenye semina. Kazi yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kila kitu kilichomzunguka.

Mazingira ni nini hasa?

Tunaposema mazingira ya biashara tuna maana ya vitu viwili vinavyokwenda pamoja.

Cha kwanza ni taasisi: sheria, kodi, leseni, mahakama, benki, halmashauri, mgambo, ofisi za usajili. Hizi ndizo kanuni zilizoandikwa, pamoja na watu wanaozisimamia.

Cha pili ni jamii: ukoo, majirani, dini, mila za urithi, heshima, aibu na uaminifu. Hizi ni kanuni ambazo hazikuandikwa popote, lakini kila mtu anazijua na ukizivunja utaadhibiwa kwa namna yake.

Mchumi wa Marekani Douglass North, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alieleza kuwa taasisi ni kanuni za mchezo, na watu na makampuni ni wachezaji. Mchezaji hodari akipewa kanuni mbaya atatumia uhodari wake kuzikwepa badala ya kufunga mabao.

Mchumi mwingine, William Baumol, aliandika mwaka 1990 kuwa watu wenye moyo wa kujaribu na kutafuta faida wapo katika kila jamii na kila zama. Kinachotofautiana ni wapi jamii inawaelekeza. Kanuni zikilipa uzalishaji, watazalisha. Zikilipa magendo, ujuaji wa wakubwa au kupora, watafanya hayo.

Hoja hii ni muhimu kwa msikilizaji wa kawaida. Inatuambia kuwa swali la kwanza si "Kwa nini watu hawa hawana moyo wa biashara?" Swali ni "Moyo huo umeelekezwa wapi, na nani ameuelekeza?"

Enzi za mkoloni: nani aliruhusiwa kudaiwa

Watu wengi huamini kuwa Mwafrika wa Tanganyika hakuwa na maduka makubwa kwa sababu hakuwa na utamaduni wa biashara. Tuangalie sheria kwanza.

Wakati wa utawala wa Waingereza kulikuwa na sheria iliyodhibiti ukopeshaji kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika fedha au bidhaa hakuweza kudai deni lake mahakamani, isipokuwa mkopo huo ulipata kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali. Serikali ilidai inamlinda Mwafrika asizame kwenye madeni.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Duka la jumla lingempaje mtu mali ikiwa sheria haitamlazimisha kulipa? Mwafrika aliyetaka kufungua duka alilazimika kununua kila kitu kwa taslimu, huku mwenzake wa jirani akipata mali kwa mkopo wa miezi kadhaa. Sheria moja ilitosha kumwondoa kwenye ushindani kabla hajaanza.

Upande wa pili, wafanyabiashara wenye asili ya India hawakutegemea mkoloni pekee. Walikuwa na taasisi zao: familia zilizokopeshana, jumuiya za dini zilizofahamiana kutoka Mombasa hadi Tabora, na hata vyombo vyao vya fedha. Baada ya sherehe za Jubilei ya Almasi ya Aga Khan wa tatu, zilizofanyika Dar es Salaam mwaka 1946, fedha zilizokusanywa ziliwekwa kwenye mfuko wa uwekezaji uliowakopesha Waismailia mitaji na fedha za nyumba.

Kwa hiyo tofauti ya maduka mtaani haikuwa tofauti ya akili. Mmoja alikuwa na watu wa kumkopesha, na mwingine sheria ilimkataza kukopesheka.

1967 hadi 1983: biashara inapokuwa kosa

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na siku zilezile benki binafsi zikataifishwa. Biashara ya jumla na ya nje ikaingia mikononi mwa mashirika ya umma. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupangisha nyumba au kuwa na mishahara miwili. Lengo lilikuwa usawa, na Watanzania wengi waliliunga mkono kwa dhati.

Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Mwaka huohuo vyama vya ushirika vya wakulima navyo vilivunjwa, na ununuzi wa mazao ukaenda kwa mamlaka za serikali. Ndani ya muda mfupi, mwananchi wa kijijini alipoteza mahali alipokuwa akinunulia chumvi na chombo alichokuwa akiuzia kahawa au pamba yake.

Halafu yakaja mambo makubwa kwa pamoja: mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977, vita ya Kagera ikapiganwa 1978 hadi 1979, mafuta yakapanda bei duniani. Bidhaa ziliadimika. Watu walipanga foleni ya sukari, sabuni na khanga.

Mwaka 1983 serikali ilianzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Walikamatwa waliolimbikiza mali kwa kweli, lakini wakakamatwa pia watu wa kawaida waliokutwa na bidhaa kadhaa ndani. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya nguvu kazi. Watu wa mijini wasio na ajira iliyotambuliwa, wakiwemo wachuuzi, walikusanywa na kupelekwa mashambani.

Je, biashara ilikufa? Hapana. Mishahara ilikuwa imeshuka thamani kiasi kwamba mfanyakazi hakuweza kulisha familia mwezi mzima. Kwa hiyo nyumba nyingi za mijini zilikuwa na "mradi": mama anapika vitumbua, baba ana kuku uani, kijana anashona viatu. Shughuli ziliendelea, ila kwa kificho. Na biashara ya kificho ina gharama zake. Huwezi kuweka kibao, huwezi kuajiri, huwezi kukopa benki, huwezi kumshtaki anayekudhulumu. Biashara ya namna hiyo hubaki ndogo kwa makusudi, kwa sababu ikikua itaonekana.

Hili ni somo la kukumbuka. Mazingira mabaya huwa hayaui ujasiriamali. Huufanya uwe mdogo, wa siri na wa muda mfupi.

Ruksa: kanuni zinapogeuka

Mabadiliko yalianza kabla ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana zilikotoka. Rafu zikaanza kujaa. Mwinyi aliingia madarakani Novemba 1985, na mwaka 1986 nchi ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Watu wakampa jina la Mzee Ruksa.

Hata jina la ile sheria ya nguvu kazi liligeuka maana. Wachuuzi walianza kupewa leseni za biashara ndogo, na leseni hizo zikajulikana kwa jina hilohilo la nguvu kazi. Neno lililotumika kumkamata mchuuzi likawa neno la karatasi inayomlinda.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko, na wanachama na viongozi wa CCM wakaruhusiwa kufanya biashara. Mwaka huohuo sheria mpya ya mabenki iliruhusu benki binafsi kurudi. Vijana kutoka Lindi na Mtwara walizidi kuonekana Dar es Salaam na bidhaa mikononi, wakiitwa Wamachinga. Baadaye jina likawa la kila mchuuzi, awe ametoka Iringa au Mwanza.

Hakuna kitu kilichobadilika kwenye damu ya Mtanzania kati ya 1983 na 1993.

"Wale biashara iko kwenye damu"

Usemi huu husemwa sana kuhusu Wachaga wa Kilimanjaro. Husemwa kwa sifa, na mara nyingine kwa kejeli. Tukiangalia kwa makini, tunaona mazingira mahali ambapo wengi wanaona damu.

Kwanza, ardhi. Mlimani ardhi ni finyu na familia ziliishi kwa kutegemea kihamba. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliopewa kipaumbele katika urithi. Wa katikati alijua mapema kuwa lazima atafute maisha kwingine. Mila ya urithi ilikuwa inazalisha wahamaji.

Pili, kahawa. Zao hilo lilileta fedha taslimu mapema, na wakulima walijiunga mapema: chama chao cha kwanza kilianzishwa miaka ya 1920, na KNCU ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mkulima aliyekaa kwenye mkutano wa ushirika alijifunza mizani, hesabu, daraja la bei na namna ya kubishana na mnunuzi.

Tatu, shule. Wamisionari walifungua shule nyingi mlimani, na fedha ya kahawa ililipa ada.

Weka pamoja uhaba wa ardhi, fedha ya zao la biashara, ushirika na shule, kisha uzungushe kwa ndugu waliotangulia mjini. Utapata wafanyabiashara. Ukiondoa hivyo vyote na kubakiza damu peke yake, hutapata kitu.

Jambo hili lina uzito, kwa sababu anayeamini kuwa biashara ni ya kabila fulani huacha kuuliza maswali kuhusu shule, barabara na ushirika wa kwao.

Undugu: mtaji na mzigo

Mchuuzi mpya anayefika mjini hapokelewi na benki. Anapokelewa na binamu. Binamu anampa mahali pa kulala, anamwonyesha duka la jumla, na muhimu zaidi, anamdhamini kwa maneno. Ndipo mwenye duka anampa mali kauli: chukua mzigo asubuhi, uza, lete hesabu jioni. Hakuna mkataba. Kinachoshikilia ni kwamba ukitoroka, binamu yako ataaibika na hakuna duka mtaa ule litakalokuamini tena.

Mali kauli ni taasisi kamili, yenye kanuni, adhabu na kumbukumbu. Imewapa mitaji vijana wengi ambao hawajawahi kuingia benki.

Lakini undugu huohuo una upande mwingine. Biashara ikianza kuonekana, maombi huanza: ada ya mtoto wa shangazi, mchango wa harusi, matibabu, msiba. Ukikataa unaitwa mchoyo. Ukikubali kila mara, mtaji unaisha. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi huficha faida: mwingine anajenga nyumba polepole, mwingine ananunua mzigo haraka ili fedha isikae mkononi, mwingine anahamia mkoa wa mbali na kwao.

Wanaosema Waafrika hawawezi kukuza biashara kwa sababu ya ndugu wanasahau kuwa ndugu ndiye bima ya afya, benki na pensheni ya mtu asiye na hivyo. Anayechangia msiba leo anaweka akiba yake kwenye ukoo. Mahali ambapo bima na mikopo vinapatikana kwa urahisi, mzigo huu hupungua wenyewe, bila mtu kuhubiriwa aache ukarimu.

Mwanamke na swali la dhamana

Hebu tumwangalie mwanamke anayeuza mchele sokoni. Ana wateja, ana uzoefu, anahitaji mkopo aongeze magunia. Benki inamuuliza dhamana.

Kwenye karatasi, sheria iko upande wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua kesi ya mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mahakama ilisema mila inayomzuia mwanamke kuuza, huku ikimruhusu mwanamume, inapingana na usawa uliomo kwenye Katiba.

Lakini tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 nalo lipo, na linampa mtoto wa kike fungu la mwisho katika urithi. Na nje ya mahakama kuna kikao cha ukoo, ambacho mara nyingi hakisomi sheria yoyote. Kwa hiyo hati ya shamba au nyumba huwa na jina la mume, kaka au baba. Mwenye biashara ni mwanamke, mwenye dhamana ni mwanamume.

Hapa ndipo kanuni zilizoandikwa na zisizoandikwa zinapogongana, na aliyepo katikati ni mama mwenye magunia matatu anayetaka kuwa na kumi.

Fedha zinatoka wapi?

Mtu aliyekosa dhamana hakosi njia. Kuna mchezo au upatu, unaosimamiwa na kijumbe. Kuna VICOBA, ambavyo mfumo wake ulitokana na vikundi vya akina mama vilivyoanzishwa nchini Niger mwaka 1991. Kuna SACCOS. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliweka watoa huduma hawa kwenye madaraja manne, na vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa viko daraja la nne, vikisajiliwa kupitia halmashauri.

Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kuwa hutolewa zaidi kwa vikundi, inadai kitu ambacho hakiandikwi kwenye fomu, yaani kuaminiana. Kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya kuomba mkopo mara nyingi huvunjika wiki moja baada ya kuupata. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo kutokana na kasoro za usimamizi, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika kipindi hicho, kikundi ambacho kilikuwa kimejipanga kwa uaminifu kilisubiri pamoja na vikundi hewa.

Pengo likibaki wazi, kuna wanaolijaza. Mikopo iliyopewa jina la kausha damu hutolewa haraka, bila maswali, na marejesho ya kila siku au kila wiki. Anayechelewa huona kitanda, televisheni na vyombo vikibebwa mchana kweupe. Kwenye simu nako zilizuka programu za mikopo zinazowatumia ujumbe ndugu na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Angalia jinsi mkopeshaji huyo anavyotumia silaha ileile ya mali kauli: aibu mbele ya watu. Kwenye mali kauli, aibu inalinda uhusiano wa muda mrefu wenye faida kwa pande mbili. Kwenye kausha damu, aibu ni nyundo ya upande mmoja.

Simu imebadilisha mengi pia kwa uzuri. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mwenye duka Sumbawanga anaweza kulipia mzigo Dar es Salaam bila kupanda basi na fedha mfukoni. Lakini Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza, wengi walirudi kwenye fedha taslimu hadi serikali ikazipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na baadaye tena. Uamuzi mmoja wa kikodi uligusa mamilioni ya maamuzi madogo ya kila siku.

Karatasi, dawati na hofu ya kesho

Kurasimisha biashara Tanzania kunahitaji ofisi zaidi ya moja: namba ya mlipakodi kutoka TRA, jina la biashara kutoka BRELA, leseni kutoka halmashauri, na kwa bidhaa za chakula, viwango kutoka TBS. Serikali ilikiri mzigo huu kwenye mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara wa mwaka 2018. Yapo yaliyofanyika: usajili wa BRELA umehamia mtandaoni, na mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS ili mzalishaji asizunguke ofisi mbili kwa bidhaa moja.

Hata hivyo, kinachomwumiza mfanyabiashara mdogo zaidi ya ada ni kutojua kesho itakuwaje. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mwenye kitambulisho hakupaswa kusumbuliwa. Wachuuzi walijaa hadi mbele ya maduka na kwenye njia za watembea kwa miguu. Mwaka 2021, chini ya utawala mpya, waliagizwa kuondoka barabarani na kwenda maeneo yaliyotengwa.

Hoja za pande zote zina uzito. Mwenye fremu analipa kodi na kilemba, kisha anazibiwa mlango na asiyelipa. Mwenye meza naye amewekeza kwa kuamini kitambulisho cha serikali. Lakini mtu aliyeruhusiwa mwaka huu na kuhamishwa mwaka ujao hujifunza jambo moja: usijenge kitu ambacho hutaweza kukibeba mgongoni.

Na sehemu za kuhamia nazo zinahitaji kufikiriwa. Jengo la Machinga Complex, Ilala, lilijengwa kwa nia njema, lakini kwa miaka mingi vizimba vingi havikupata wapangaji, kwa sababu mchuuzi huishi kwa mpita njia na mpita njia hapandi ghorofa kutafuta soksi.

Wafanyabiashara wakubwa kidogo nao wana mipaka yao ya uvumilivu. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa siku kadhaa wenye maduka wakilalamikia kikosi kazi cha kodi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao hadharani Mnazi Mmoja. Hapakuwa na aliyesema hataki kodi. Madai yalikuwa kuhusu namna inavyodaiwa.

Mfano wa jirani: Kamukunji

Kenya ilipita njia yake. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ilisaidia kuifanya dunia iitazame sekta isiyo rasmi kama chanzo cha ajira, badala ya uchafu wa miji. Serikali ilichukua muda kuisikiliza. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakifua mabati juani, na akaahidi wajengewe vibanda. Jina la jua kali likageuka kutoka kejeli na kuwa sekta inayotajwa kwenye sera za taifa.

Vibanda havikuwafanya mafundi wale kuwa hodari zaidi wa kugonga chuma. Viliwapa hakika ya mahali. Mwenye hakika ya mahali hununua mashine, huchukua mwanafunzi, na mteja wa mwaka jana humkuta palepale.

Wewe ufanye nini na maelezo haya?

Kujua nguvu ya mazingira si kisingizio cha kukaa. Ni kujua unapigana na nini. Kabla hujaweka fedha zako, jiulize maswali haya.

Nani anaweza kuniondoa mahali hapa, na kwa karatasi gani? Kama jibu ni "yeyote, bila karatasi", usijenge cha kudumu. Ulizia kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na halmashauri mpango wa eneo hilo.

Fedha hii inatoka kwa nani, na nikichelewa atafanya nini? Muulize mkopeshaji leseni yake na masharti kwa maandishi. Asiye tayari kuandika hataki yasomwe.

Nani ana haki ya kuchukua kwenye droo? Zungumza na familia mapema. Wafanyabiashara wengine hujipangia mshahara, na misaada yote ya ndugu hutoka kwenye mshahara huo badala ya mtaji.

Jina la nani liko kwenye hati? Swali hili ni la wanawake hasa, na ni rahisi kulijibu kabla ya ndoa au kifo kuliko baadaye.

Kumbukumbu zangu ziko wapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata kodi inakubaliana nao. Katika viwango vilivyoanza mwaka wa fedha 2019/20, mwenye mauzo ya shilingi milioni 6 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa kodi ya mapato shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4, yaani shilingi 60,000.

Swali la mwisho ni la wote, hasa linapokuja suala la kuchagua na kuwahoji viongozi. Tumezoea kuwauliza watatoa mikopo kiasi gani. Tuanze kuuliza pia kama kanuni za mwaka huu zitakuwa zilezile mwakani, kama soko jipya litajengwa wanakopita wateja, na kama mama mwenye magunia matatu ataweza kuweka jina lake kwenye hati ya shamba lake. Mikopo huisha. Kanuni hubaki, na watoto wetu ndio watakaofanya biashara ndani yake.